Kosa la Arthas: kesi moja ya dhamiri kutoka mchezo wa vijana

Vijana wetu hawabishani juu ya mpira tu. Wanabishana vilevile juu ya michezo ya ordinatere, na mara nyingine wanamwuliza padri: «Yule alikosa ao hakukosa?» Tusiwacheke. Ulizo lao ni ulizo la dhamiri, nalo lina jibu.

Kisa ni hiki. Katika mchezo Warcraft III, uliotoka Marekani mwaka 2002, Arthas, mwana wa mfalme Terenas, anapigana na ugonjwa ulioenezwa kwa njia ya ngano. Anayeila anakufa, kisha anainuka kuwa mtumwa wa adui. Arthas anafika mji wa Stratholme, anakuta ngano imekwisha kugawanywa, naye anaamuru watu wauawe mbele hawajageuka. Uther, mwalimu wake, anakataa. Arthas anamwita msaliti na kumfukuza. Jaina, rafiki yake, anaondoka pia. Baadaye Arthas anavuka bahari, anatwaa upanga wenye laana, anarudi kwao na kumwua baba yake.

Hadithi hii ina mapengo. Hatuambiwi nani alikula na nani hakula, wala muda gani unapita mbele ya kugeuka. Uther anakataa, lakini hatoi shauri jingine. Basi vijana wengine wanasema: «Mtungaji alimfungia Arthas milango yote, kosa si lake.» Twajibu: pengo ni la mtungaji, lakini amri ni ya Arthas. Tena pengo lenyewe linamshitaki. Kama haikujulikana nani alikula, aliwezaje kuwahukumu wote?

Sasa tupime kwa utaratibu.

Kwanza, tendo lenyewe. Kumwua kwa kusudi mtu asiye na hatia ni uovu, na nia njema haiugeuzi kuwa wema. Watu wa Stratholme walikuwa wagonjwa, hawakuwa wameshika silaha. Mtu hauawi kwa sababu ya lile atakalofanya kesho. Sisi wa Kongo twalijua jambo hili kwa macho. Ebola ilipokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka 2018 hata 2020, waliomgusa mgonjwa waliangaliwa siku 21, na wengi walichanjwa. Hofu ilikuwa kubwa, lakini mgonjwa alibaki mtu wa kutunzwa.

Pili, ujuzi na hiari. Hofu, hasira na haraka vyaweza kupunguza kosa. Arthas alikuwa kijana, naye alikuwa ameona vijiji vikiangamia. Twakubali hayo. Lakini mwalimu wake alimwonya waziwazi, naye akamfukuza. Anayemfukuza mwonyaji hawezi kusema: «Sikujua.» Kosa lilipungua, halikuondoka.

Tatu, upanga. Wengine wanasema kwamba upanga ulimnyang’anya roho, kwa hiyo hana kosa la kumwua babaye. Tukumbuke mafundisho juu ya mlevi: anayekunywa akijua kwamba akilewa hupiga watu, ana kosa tangu kikombe. Muradin alimwonyesha laana ile. Arthas akajibu kwamba yuko tayari kuibeba. Hakujua kwamba atamwua baba yake, ni kweli. Lakini alikubali uovu bila kuuliza mpaka wake.

Kuna pengo jingine. Mwaka 2002 Muradin anaonekana amekufa pale pale; katika hadithi iliyofuata, mwaka 2008, yu hai. Je, kosa la Arthas la kumwacha limepungua? Hapana. Kosa hupimwa kwa moyo wa saa ile, si kwa bahati iliyokuja nyuma.

Na Uther je? Alifanya vema kukataa. Lakini kukataa uovu ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kuwatafutia wokovu waliomo hatarini. Tusimhukumu kwa dawa asiyokuwa nayo. Tuulize tu kama alitafuta.

Ndugu wakatekista, kijana akiwaletea kesi hii, msimalize kwa neno moja. Mwulizeni: Alijua nini? Alitaka nini? Nani alimwonya? Pengine siku moja atapewa amri dhidi ya kijiji cha kweli, na kuambiwa kwamba adui amejificha ndani yake. Siku ile maulizo haya matatu yatamfaa.