Mzigo Usizidi Nguvu za Mchukuzi

Mtu akisimama Kizingo, katika kisiwa cha Mombasa, huziona meli zikiingia mlango wa Kilindini na shehena zao. Siku hizi kazi nyingi ya bandarini hufanywa kwa winchi na makontena. Lakini gunia litokalo shambani bado hupakiwa na kupakuliwa kwa mabega ya mahamali. Basi jambo hili lamhusu mkulima pia, maana yeye ndiye ajazaye gunia.

Gunia la mahindi la desturi hapa Kenya ni kilo 90. Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Na lumbesa, yaani gunia la viazi lililoongezwa kichwa, huweza kupita kilo 100, ingawa kanuni za mwaka 2019 zataka viazi vifungwe kwa kilo 50 tu.

Madhara yake ni haya. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo mna vipande laini mfano wa mito. Mtu akiinama bila kukunja magoti, au akijipinda na mzigo mabegani, kipande huweza kutokeza na kubana mshipa wa fahamu. Ndipo maumivu hushuka mpaka mguuni.

Yafaa kufuata mambo haya:

1. Kunja magoti, nyosha mgongo, uweke mzigo karibu na mwili.
2. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno.
3. Mzigo mzito uchukuliwe na watu wawili, au kwa mkokoteni.
4. Ubao wa kushukia lorini uwe imara na mkavu.
5. Usipite chini ya mzigo unaoning'inia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoweza kumdhuru. Akiumia kazini, mfanyakazi amwarifu mwajiri upesi, naye mwajiri apeleke habari serikalini kwa muda wa siku 7. Madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Wengi hupoteza haki yao kwa kunyamaza.

Nawe mkulima, mahindi ya gunia moja la kilo 90 yatie katika mawili ya kilo 45. Mahindi hayatapungua, na mchukuzi atarudi kwake mzima.