Je, Wajua? Ukomo wa Simu Yako Ulipangwa Kabla Hujainunua

Fungua mipangilio ya simu janja yoyote ya Android, shuka hadi sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe, kisha tafuta mstari wa kiraka cha usalama, yaani sasisho la kuziba kasoro za mfumo. Utaona tarehe. Kwa simu iliyonunuliwa kwa mkono wa pili pale Majengo, Dodoma, au iliyotoka kwa kaka mtumishi wa serikali kule Mtumba ikarithiwa na mdogo wake aliyeko Bahi, si ajabu tarehe hiyo ikawa ya miaka miwili au mitatu iliyopita. Ukibonyeza kitufe cha kutafuta sasisho, simu husubiri kidogo halafu hujibu kwamba mfumo uko sawa, hakuna jipya. Jibu hilo ni la kweli kwa maana moja tu: hakuna jipya lililotengenezwa kwa ajili ya simu hiyo. Mwenye simu huelewa vingine. Huamini kwamba yuko salama, au kwamba sasisho liko njiani na mtandao wa kijijini ndio unaolichelewesha. Hoja ya makala haya ni kwamba kungoja huko kuna ukomo, ukomo wenyewe ulishapangwa kiwandani kabla simu haijafika Dodoma, na mnunuzi ana haki ya kuusoma kwenye boksi kama anavyosoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti ya dawa.

Tuanze na safari ya sasisho lenyewe. Google huandika mfumo wa Android na hutoa toleo jipya karibu kila mwaka. Lakini toleo hilo haliwezi kuingia moja kwa moja katika simu ya mtu. Kwanza mtengenezaji wa chipu, awe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, anapaswa kuandaa programu za kuiunganisha chipu yake na toleo hilo, na chipu ikishakuwa ya zamani hana faida kubwa ya kufanya hivyo. Baada yake huja kampuni ya simu yenyewe. Tecno, Infinix na itel, majina yanayojulikana katika kila duka la simu kuanzia mjini hadi Kibaigwa, yote ni ya kampuni moja ya Transsion iliyoko Shenzhen, China, na simu zake nyingi hutumia Android iliyovalishwa sura ya kampuni hiyo. Sura hiyo nayo lazima ifanyiwe kazi upya na kujaribiwa, modeli kwa modeli. Kiungo kimoja cha mnyororo huo kikikatika, sasisho halifiki, hata kama mnara uko mita 50 kutoka nyumbani kwako. Apple huandika mfumo wake na kubuni chipu zake yenyewe, ndiyo maana iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipata kiraka cha usalama hadi Januari 2023. Kwa upande wa Android, Google ilianza mwaka 2017 kutenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya chipu ili kupunguza kazi hiyo, na kufikia 2023 na 2024 Google na Samsung ziliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 na Galaxy S24. Kwa hiyo ufundi upo. Kinachokosekana kwa simu ya bei ya chini ni ahadi.

Mahali ambapo mtu huuona ukomo huo kwa macho yake ni kwenye video. Picha moja ya video ya HD ya kawaida ina nukta 1,280 kwa 720, yaani nukta 921,600, na kila nukta huhitaji baiti tatu za rangi. Zikipita picha 30 kwa sekunde, unapata takriban megabaiti 83 kila sekunde, karibu gigabaiti 5 kwa dakika moja. Hakuna bando la kumudu mzigo huo. Ndiyo maana video hukandamizwa kwa kanuni iitwayo kodeki, ambayo hutuma picha moja kamili kisha hueleza kilichobadilika tu: mdomo wa mhadhiri umesogea, ubao ulio nyuma yake uko vilevile. Simu inayopokea lazima iijue kanuni hiyohiyo ili iifumbue. H.264 ilitoka mwaka 2003 na karibu kila simu janja huifumbua kwa kipande maalumu ndani ya chipu, kwa umeme kidogo sana. Ikafuata VP9 mwaka 2013, kisha AV1 mwaka 2018, na kila moja hubana zaidi ya iliyotangulia, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma ni bando linalobaki mfukoni. Lakini kipande cha chipu hakiongezwi kwa sasisho. Simu isiyo nacho hulazimika kuifumbua AV1 kwa programu, ikitumia nguvu za prosesa, na matokeo yake yanajulikana: simu inapata moto, chaji inakimbia, picha inakwama huku sauti ikiendelea.

Hata hapo sasisho linaweza kuokoa. Watu wa VideoLAN, walewale waliotuletea VLC, pamoja na wenzao waliandika programu ya kufumbua AV1 iitwayo dav1d, nyepesi mno kuliko zilizoitangulia. Mwaka 2024 Google iliisambaza kwa simu zenye Android 12 na kuendelea kwa njia ya masasisho ya Play, bila kungoja kiwanda. Simu ileile, chipu ileile, ikaongezewa uwezo ikiwa imelala mezani. Zilizokwama Android 11 kurudi nyuma hazikupata. Wakazi wa Dodoma wamewahi kupitia jambo la aina hii: mwanzoni mwa 2013 mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa mjini, TV za chogo hazikutupwa. Watu walinunua ving'amuzi na kuendelea kutazama, kwa sababu tarehe ilitangazwa mapema na kila mtu alijua cha kununua. Mwenye simu hatangaziwi tarehe.

Wapo watakaosema video kukwama ni usumbufu tu, wala haumuui mtu. Ni kweli, lakini mlango unaopitisha video hupitisha na hatari. Mwaka 2015 ilifichuliwa kasoro katika Stagefright, sehemu ya Android inayoshughulikia sauti na video: faili moja la video lililotengenezwa kwa nia mbaya, likitumwa kwa ujumbe wa picha, lingeweza kumpa mgeni nafasi ya kuingia ndani ya simu kabla mwenyewe hajaufungua ujumbe. Simu zilizokadiriwa kuwa katika hatari zilikuwa milioni 950. Ni baada ya hapo Google ilipoanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi, na tarehe unayoiona kwenye mipangilio ilitokana na uamuzi huo. Programu nazo huhama. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Mtu anayeomba mkopo wa chuo au ajira serikalini kupitia simu aliyorithi anaweza kufungiwa mlango siku ya mwisho ya maombi, wala asijue kwamba kosa si la mtandao.

Pingamizi linalosikika zaidi mtaani ni kwamba masasisho yenyewe hula bando na kuifanya simu iwe nzito, kwa hiyo afadhali yasije. Pingamizi hili lina uzito wake. Toleo jipya la Android linaweza kufikia gigabaiti nzima au zaidi, na simu yenye RAM ndogo huelemewa. Google yenyewe ilikiri tatizo hilo ilipotoa Android Go mwaka 2017 kwa simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au pungufu. Lakini toleo jipya na kiraka cha usalama ni vitu viwili tofauti. Kiraka kwa kawaida ni kidogo, hakibadilishi sura ya simu, na ndicho kinachohitajika zaidi. Wengine hutegemea fundi wa kuiflashi simu. Fundi hodari hufufua simu iliyokufa, na kazi yake inastahili heshima, ila faili analoingiza lilitengenezwa na kampuni ileile. Kama kiraka hakikuandikwa, hana pa kukitoa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la bei: tukidai matunzo marefu, simu ya bei nafuu itapanda, na mkulima wa zabibu wa Hombolo ataikosa kabisa. Umoja wa Ulaya umechagua njia hiyo ngumu. Tangu Juni 2025 mtengenezaji anatakiwa kutoa masasisho kwa miaka isiyopungua mitano baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Uingereza ilipita njia nyepesi zaidi. Tangu Aprili 2024 haimlazimishi mtengenezaji muda fulani, ila inamtaka autangaze. Kutangaza tarehe hakupandishi bei ya simu hata kidogo. Tanzania ina uwezo wa kufanya hivyo, kwani mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima Juni 2016 kwa kutumia namba za IMEI. Mamlaka iliyoweza kuifuatilia simu mojamoja kwa namba yake haishindwi kumtaka mwagizaji aandike mwezi na mwaka ambao viraka vya modeli yake vitakoma.

Hadi hilo litakapofanyika, mnunuzi ana maswali mawili ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa: modeli hii ilitoka mwaka gani, na kampuni iliahidi viraka kwa miaka mingapi tangu hapo? Simu iliyotoka miaka mitatu iliyopita kwa ahadi ya miaka miwili imeshapitwa na muda wake, hata kama nailoni ya kioo bado haijabanduliwa, na bei yake ijadiliwe kwa hesabu hiyo.