UPEPO WA UBAVUNI NA HAKI YA RUBANI

Mtu asimamaye Ngaramtoni alasiri ya kiangazi, wakati upepo unapoinamisha mikaratusi na vumbi kutanda barabarani, huziona ndege ndogo za watalii zikishuka upande wa kusini kuelekea uwanja wa Arusha, kule Kisongo. Pengine moja hukaribia kabisa kugusa ardhi, kisha ikanguruma, ikainua pua na kupanda tena angani. Hapo watazamaji hucheka, wakasema rubani huyo bado mwanafunzi.

Ndugu zetu hao wamekosea, na kosa lao si dogo.

Ndege hupenda kutua ikiukabili upepo, kwa maana upepo wa mbele huipunguzia mwendo juu ya ardhi. Zamani, viwanja vilipokuwa mbuga za majani tu, rubani alitazama moshi wa jikoni kwa watu, akajua upepo watoka wapi, akashuka kwa upande autakao. Lami imeiondoa hiari hiyo. Uwanja wa Arusha una njia moja tu ya kurukia, iliyolala mashariki na magharibi. Upepo wa mashariki huwa rafiki. Wa kusini au wa kaskazini huishika ndege ubavuni. Wenzetu wa Nairobi, katika uwanja wa Wilson, wanazo njia mbili zinazokatana, na rubani wao huweza kuchagua. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limependekeza njia zielekezwe hivi kwamba, kwa asilimia 95 ya wakati, upepo wa ubavuni usizuie ndege kutua. Asilimia 5 iliyobaki ameachiwa rubani.

Naye hufanya nini? Huja amegeuza pua ya ndege kidogo kuelekea upepo, ikienda upande upande kama kaa. Lakini haiwezi kugusa ardhi hivyo, kwani magurudumu yataburutwa kwa ubavu, na mguu wa ndege waweza kuvunjika. Basi dakika ya mwisho huinyosha kwa usukani, na papo hapo hulaza bawa la upande wa goshini, kama wasemavyo mabaharia wa pwani, yaani upande utokako upepo. Akikawia kidogo, ndege husukumwa nje ya njia. Akizidisha, bawa hukwaruza lami. Na hata magurudumu yakishagusa kazi haijaisha: kadiri mwendo upunguavyo ndivyo usukani upotezavyo nguvu, na mkia ukamatwao na upepo hutaka kuigeuza ndege yote. Ajali nyingi za namna hii hutokea hapo, abiria wakiwa wamekwisha kufungua mikanda mioyoni mwao.

Jambo la kutisha zaidi ya nguvu za upepo ni kugeuka kwake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukija kwa pembe ya digrii 30 huisukuma ndege ubavuni kwa nusu tu ya nguvu hizo, yaani kilomita 20. Ukigeuka hadi digrii 60, zinakuwa karibu 35. Ndege aina ya Cessna 172 ilijaribiwa na watengenezaji wake katika upepo wa ubavuni wa kilomita 28 hivi. Ile kubwa zaidi, Cessna Caravan, kilomita 37. Kwa hiyo upepo ule ule, bila kuongeza kasi hata kidogo, waweza kuwa mwepesi sasa na hatari baada ya nusu dakika. Na hapa kwetu Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, huuvunja upepo na kuuzungusha. Isitoshe, uwanja wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege hugusa ardhi kwa mwendo mkubwa kuliko ingetua Dar es Salaam.

Taifa halijasahau Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyochukua watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, wakafa 19. Hatusemi kisa kile kilikuwa cha upepo wa ubavuni peke yake. Twakitaja kwa sababu kinaonyesha jinsi nafasi ilivyo finyu karibu na ardhi.

Basi dawa ya rubani ni ile ile iliyowachekesha watu wa Ngaramtoni: kughairi, kupanda, kuzunguka, na ikibidi kwenda Kilimanjaro kwenye njia ndefu zaidi. Lakini kughairi hula mafuta na saa, na watalii wana ndege nyingine ya kuwahi. Rubani ni mfanyakazi. Akijua kwamba kila akighairi ataitwa ofisini kujieleza, mkono wake utasita. Twataka iandikwe katika mikataba ya kazi, kwa maneno yasiyo na mafumbo, kwamba aliyeghairi kutua haulizwi gharama.

Na katika viwanja vidogo vya mbugani, ule mfuko wa kitambaa ulio juu ya mlingoti, umwonyeshao rubani upepo utokako, usiachwe ukachanika kwa jua. Bei yake haifiki ya tairi moja la ndege.