Gitaa la Mchuma Chai
Sisi wa pwani, tuliolelewa na udi na gambusi, twadhani gitaa ni la mjini tu. Nendeni Kericho! Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakimwimba "Chemirocha", ndiye Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki 1933, kwa chepkong'o, kinanda chao cha nyuzi. Baadaye Kipchamba arap Tapotuk akalishika gitaa lenyewe. Huko nimemwona mchuma chai mmoja, vidole vimechanika, akirudia wimbo ule ule kila atokapo kazini, polepole, mpaka kidole gumba kishike besi bila ya kutazamwa. Miezi mitatu, wimbo mmoja! Wenzake humcheka, mimi namsifu. Sasa ameingia wa pili, lakini uzi mwembamba umekatika, na mshahara bado.