Kitabu Hakipendwi kwa Amri

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili, 2020, mtu mmoja aligongwa na basi katika barabara ya Landhies, jijini Nairobi, akafariki dunia. Kwa siku kadhaa jamaa na rafiki zake walimtafuta bila ya kujua lililomfika. Ilipotimia tarehe 15 ndipo nchi ilipopata habari kwamba marehemu yule, aliyelala katika chumba cha maiti kama mpita njia yeyote, alikuwa ni Ken Walibora, mwandishi wa riwaya, mhadhiri wa chuo kikuu, na mtu ambaye sura na sauti yake zilikuwa zimezoeleka katika taarifa za habari za Kiswahili.

Siku zile zilikuwa za vizuizi vya ugonjwa wa korona, na mazishi yalihudhuriwa na watu wachache tu. Lakini kilio kilichozuka hakikuwa cha watu wachache. Waliomlilia hawakuwa wasomi wenzake peke yao. Walikuwa watu wa kila kazi, ambao wengi wao hawakupata hata mara moja kumpa mkono, ila walimsoma walipokuwa wamevaa sare za shule. Wengi walimtaja kwa jina la Kongowea Mswahili, jina alilomvika shujaa wa riwaya yake ya kwanza. Msomaji anapomwita mwandishi kwa jina la mtu wa hadithini, hapana shaka kwamba kati ya wawili hao pana udugu usiohitaji kutambulishwa.

Tungependa leo kuuliza udugu huo hutokana na nini. Hatuulizi kwa ajili ya kumsifu marehemu tu, ingawa sifa anazistahili. Twauliza kwa sababu wapo miongoni mwetu, walimu, wazazi na wakuu wa elimu, wanaodhani kuwa kijana atapenda kusoma akiamriwa kusoma, na kwamba ataepukana na kitabu akikatazwa. Mambo yaliyopita katika nchi zetu yanaonyesha vingine.

Riwaya ya Siku Njema ilitoka mwaka 1996, mwandishi wake akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Ni habari za Msanifu Kombo, mtoto wa Tanga, ambaye mama yake alikuwa mwimbaji wa taarabu na baba yake hakumjua. Mama anapokufa, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa, anaonja dhiki na masimango, na mwishowe anashika njia kwenda Kitale, mbali sana na pwani, kumtafuta baba huyo asiyemjua. Hatutaisimulia yote, maana asiyeisoma asinyimwe ladha yake. Yatosha kusema kwamba ndani yake mna yatima, mna mtoto anayeulizwa baba yake ni nani, mna safari ndefu yenye njaa na hofu, na mna mapenzi ya ujana. Ni darasa gani katika Afrika ya Mashariki lisilokuwa na mtoto mmoja, au watano, ambao maisha yao ndiyo hayo?

Tena pana jambo la lugha. Mwaka 1985, mfumo mpya wa elimu ulipoanza nchini Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule zote. Maelfu ya watoto wa bara wakajikuta wanatakiwa kuijua lugha ambayo wengi wao waliiona kuwa ni ya watu wa pwani, au ni ya sokoni na stesheni tu. Walibora alikuwa mzaliwa wa magharibi ya Kenya, wala hakuzaliwa katika mji wa Waswahili. Hata hivyo aliandika Kiswahili cha kumeremeta, chenye methali na tashbihi, na akamfanya shujaa wake ajivunie lugha hiyo kama wengine wanavyojivunia mali. Kijana wa Bungoma au wa Nyeri aliyekuwa akisoma Siku Njema alikuwa akiambiwa, bila ya kuhubiriwa, kwamba lugha hii ni yake pia, na kwamba akiifanyia bidii itampamba. Twaamini kuwa wengi waliojitia katika ualimu na utangazaji wa Kiswahili walianzia pale.

Zipo sauti zitakazotujibu upesi kwamba riwaya hiyo ilipendwa kwa kuwa ilitahiniwa shuleni, na kila mwanafunzi alilazimika kuisoma. Ni kweli kwamba ililetwa mezani na serikali. Lakini vitabu vingapi vimeletwa kwenye meza ile ile, vikakaririwa, vikajibiwa maswali, na siku ya pili baada ya mtihani vikauzwa au vikafungiwa karanga? Amri huweza kumfikishia mwanafunzi kitabu mkononi, lakini haiwezi kumfanya akitaje miaka ishirini baadaye kwa macho yenye machozi.

Na upande wa pili pana Euphrase Kezilahabi, ambaye naye alituaga mwaka huo huo wa 2020, mwezi wa Januari. Riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, naye akiwa bado kijana. Ilikuwa habari ya msichana wa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, aliyelelewa na baba mlevi na mkali, ambaye fimbo yake ilikuwa ndiyo mafunzo. Rosa alipigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, akafungiwa ulimwengu asiujue, na alipopelekwa shuleni mbali na nyumbani alijikuta hana silaha yoyote ya kujilinda. Kitabu kilisema wazi mambo ambayo watu wazima waliyanong'ona. Kwa sababu hiyo kilizuiwa katika shule kwa muda, ila vijana hawakukosa kukisoma. Baadaye marufuku yakaondoka, na kitabu kile kile kikaingizwa katika orodha ya vitabu vya shule.

Basi tazameni, ndugu wasomaji. Kitabu kimoja kiliagizwa, kingine kilikatazwa, na vyote viwili vikashika mioyo ya vijana. Ni dhahiri kwamba si agizo wala si katazo lililofanya kazi hiyo. Kilichofanya kazi ni kwamba waandishi hao wawili hawakuwadanganya wasomaji wao. Hawakujifanya kwamba ujana ni wakati wa kucheza na kucheka tu, wala hawakudhani kwamba mtu wa miaka kumi na sita hajui huzuni. Walimwonyesha kijana nyumba anayoifahamu, yenye baba asiyeonekana au baba anayeogopwa, na wakamwachia nafasi ya kuhukumu mwenyewe.

Wazazi wana haki kamili ya kuuliza watoto wao wanasoma nini, na hatuwalaumu wenye hofu. Lakini hofu haina budi kufuatana na kusoma. Mzazi atakayeisoma Rosa Mistika mpaka ukurasa wa mwisho hataona maovu yakipambwa, maana mwisho wa Rosa ni mchungu kupita shubiri. Ataona kwamba mshtakiwa mkubwa katika kitabu kile ni malezi ya fimbo bila ya mazungumzo. Pengine ndiyo maana kitabu kiliwakera watu wazima kuliko vijana. Dawa tunayoishauri si kufungia kitabu kabatini, bali mzazi na mwana wakisome wote wawili, kisha waketi waulizane. Mazungumzo ya namna hiyo, ambayo Zakaria hakumpa binti yake, hayana gharama yoyote.

Sasa tugeukie hali ilivyo madarasani, kwani hapo ndipo udugu huu unapokatwa. Mwanafunzi wa leo hukutana na riwaya akiwa ameshikishwa mwongozo. Kabla hajajua shujaa ni nani, amekwisha kukariri maudhui matano, wahusika na sifa zao, na tamathali za usemi zilizopangwa kama bidhaa dukani. Anafunzwa kujibu dondoo: eleza muktadha wa maneno haya, ni nani anayemwambia nani, wapi, na kwa nini. Wako wanaopita mtihani vizuri bila ya kuufungua ukurasa mmoja wa riwaya yenyewe. Mwongozo una faida yake kwa mtu aliyekwisha kusoma, lakini kuutanguliza ni sawa na kumsimulia mtu utamu wa embe badala ya kumpa embe. Mwalimu naye hatumlaumu peke yake. Anasukumwa na matokeo ya mtihani, na mkuu wake naye anasukumwa. Lakini hata katika msukumo huo mwalimu hodari huweza kutenga vipindi vichache mwanzoni mwa muhula, akasoma kwa sauti, darasa likasikiliza, bila ya kalamu wala daftari. Atashangaa kuona ni wanafunzi wangapi watakaomfuata nje kumwuliza yaliyompata Msanifu.

Lipo jambo jingine ambalo Walibora mwenyewe aliligusa. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya aliyoitoa mwaka 2012, ambayo nayo ilisomwa katika shule za sekondari nchini Kenya, yumo kijana aitwaye Amani, aliyeandika mswada kwa jasho lake. Mswada ule unaibwa, unachapishwa kwa jina la mtu mzima mwenye cheo na elimu, na mwizi anasifiwa kwa kazi asiyoifanya. Wanafunzi wengi waliisoma habari hiyo kama swali la mtihani. Sisi tunaisoma kama onyo tulilopewa watu wazima. Katika shule zetu wamo akina Amani wenye madaftari yaliyojaa hadithi na mashairi, nao hawana pa kuyapeleka. Mara nyingi hawaibiwi, bali hupuuzwa, na hayo mawili matokeo yake yanakaribiana sana.

Na wizi wenyewe haujaondoka. Vitabu vinavyosomwa sana shuleni ndivyo vinavyochapwa kwa siri na kuuzwa kwa bei ya chini barabarani. Mzazi mwenye shida hununua kwa kuwa ni rahisi, nasi twaielewa shida yake. Lakini ajue kwamba katika fedha hiyo mwandishi hapati hata senti. Hatuwezi kuwaambia vijana kwamba uandishi ni kazi ya heshima, huku tukila matunda ya kazi hiyo bila ya kumlipa mkulima.

Yafaa basi tuseme waziwazi yapasayo kufanywa. Kwanza, riwaya isomwe kwanza kama riwaya, na mtihani ufuate nyuma. Pili, vitabu vilivyomo katika maktaba za shule vitolewe katika makabati yenye kufuli, kwani kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kina faida kuliko kipya kilicholiwa na mchwa. Tatu, fedha kidogo zitengwe kwa ajili ya vitabu visivyotahiniwa, ili kijana ajue kwamba kusoma hakuishi siku ya kutoa karatasi ya mwisho. Nne, shule ziwaalike waandishi wangali hai. Karibu kila wilaya ina mtu aliyeandika kitabu, na anachohitaji ni nauli, ujira wa haki na saa moja ya kusikilizwa. Kijana akimwona mwandishi kwa macho yake, akamwona kuwa ni mtu wa kawaida mwenye viatu vya vumbi kama yeye, atarudi kwenye daftari lake akiwa na moyo mwingine.

Nasi wa magazeti hatutajitoa lawamani. Zamani magazeti ya Kiswahili yalikuwa na desturi ya kuchapa hadithi za mfululizo, na wasomaji waliingoja sehemu ya pili kama wanavyongojea matokeo ya mpira. Walibora mwenyewe hakuacha kuandika katika gazeti la Taifa Leo, hata alipokuwa na shahada ya juu na kazi ya kufundisha chuo kikuu. Alijua kwamba msomaji hutafutwa alipo. Gazeti lisilokuwa na pembe ya kuchapa maandishi ya vijana halina haki ya kulalamika kwamba vijana hawasomi magazeti.

Turudi kwa yule mtu wa barabara ya Landhies. Tunapoikumbuka habari ile, kinachotuchoma ni kwamba jina lake lilijulikana katika kila shule, lakini siku alipolala pale bila ya kusema, hapakuwa na aliyesimama akasema, huyu ni wetu. Huenda hilo halikuepukika, kwani mji ni mkubwa na ajali haichagui. Ila kuna namna nyingine ya kumwacha mwandishi bila ya kutambuliwa, nayo iko katika uwezo wetu kuizuia: kumsoma kwa ajili ya alama tu, kumnunua kwa mwizi, na kungoja afe ndipo tumwandikie tanzia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji wetu wapo, wengine wakiwa na vitabu kumi, wengine wakiwa na daftari moja la kurasa themanini. Tusingoje siku ya msiba kuwatunza.