Waya wa Umeme Nyumbani: Unene, Rangi na Maungio

Waya wa umeme una shaba inayopitisha mkondo na gamba la plastiki linalouzuia usitoke. Shaba nayo ina ukinzani, kwa hiyo waya hupata joto kila unapofanya kazi. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huzalishwa mara nne. Gamba la kawaida la PVC huhimili nyuzijoto 70 za Selsiasi. Likizidishiwa hapo kwa muda mrefu hukakamaa na kupasuka, na shoti hufuata.

Ndiyo maana unene wa waya hufuata mzigo. Nchini Tanzania, ambako umeme wa nyumbani ni volti 230, taa kwa kawaida hufungiwa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko la umeme 6. Hita ya maji ya wati 3,000 huvuta takriban ampea 13. Breka nayo huwekwa kulingana na waya inaoulinda: waya wa 1.5 ukifungiwa breka ya ampea 32, unaweza kuungua kabla breka haijakata.

Kwa mpangilio wa zamani wa rangi, waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni nyeusi na ethi ni ya kijani. Kwa mpangilio mpya, moto ni kahawia, nyutro ni buluu, na ethi ni kijani chenye njano. Nyumba iliyoongezwa vyumba huweza kuwa na mipangilio yote miwili, kwa hiyo rangi pekee si uthibitisho.

Kabla ya kugusa waya, mein swichi huzimwa. Swichi ya taa haitoshi, kwa kuwa hukata waya mmoja tu. Ikiwa imefungwa kimakosa kwenye nyutro, holda hubaki na moto hata taa ikizimika. Testa hujaribiwa kwanza penye umeme, kisha kwenye waya wenyewe, kisha tena penye umeme, ili ijulikane kuwa haikuharibika katikati ya kazi.

Maungio ndiyo yenye hatari iliyojificha. Kisu kikikata baadhi ya nyuzi za shaba wakati wa kuchubua gamba, waya huwa mwembamba mahali hapo. Skrubu iliyolegea hutoa joto na cheche ingawa mkondo haujazidi, na breka haina la kukata. Dalili zake ni soketi yenye joto, harufu ya plastiki inayoungua, na taa inayofifia na kurudi. Hapo umeme huzimwa, na matengenezo hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini Tanzania.