Toa Plastiki na Akili, Piga Waya Safi

Pikapu za mtaa siku hizi zinatokelezea noma. Cheki D-Max ya msee wa ploti, cheki Hilux ya kubeba mboga: taa ya LED juu ya kebini, spika mlangoni, chaja za simu za mbogi yote. Lakini ka unataka kujua hiyo wera ni fiti, usiangalie taa. Chomoa plastiki ya kando ya mguu wa dere ucheki waya zenye ziko nyuma yake. Form yangu ni moja: waya yenye ungeona haya kumuonyesha msee, usiifiche.

Dere analala kwa hiyo kebini, anakula hapo, anabeba watoi wake hapo wikendi. Waya iliyokwaruzika nyuma ya plastiki ikigusa chuma, moto huanzia mahali hakuna mtu anaona. Kwa hivyo hii si stori ya luku pekee.

Kabla hujaguza klipu

Zima moti, toa ufunguo, fungua betri upande wa negativu kwanza. Ukianza na positivu, spana ikigusa bodi ya gari, cheche hiyo si ya mchezo. Halafu ngoja. Eabegi inakuanga na stima imebaki ndani hata betri ikitoka. Toyota wenyewe huandika ungoje angalau sekunde 90. Mimi nakushow upige dakika tano, ukipanga vifaa polepole. Waya au plagi ya rangi ya manjano ukiipata kwa usukani, dashibodi ama nguzo ya kioo, achana nayo. Hiyo ni ya eabegi. Usiipime na taa ya kupimia, usikate, usichukue stima hapo.

Vifaa si doh mob. Zile vijiti vya plastiki vya kubandulia, bisibisi, spana namba kumi, mita ya kupima volti, tepu ya kitambaa. Klipu za spea utapata Kirinyaga Road, pale wasee huita Grogan. Nunua ukiwa na moja ya zamani mkononi ulinganishe, juu zinatofautiana kidogo sana. Huna kijiti cha plastiki? Funga bisibisi bapa na kitambaa, ndio usiachie plastiki makovu.

Zinatoka kwa laini

Plastiki za kebini zimelaliana, moja imeshika nyingine. Anza chini: ile ya kizingiti cha mlango kwanza, halafu ya kando ya mguu, halafu ya nguzo ya kioo. Ukiruka laini ukavuta ya nguzo kwa nguvu, itapasuka penye imebanwa na ya chini. Pitisha vidole nyuma usikie klipu iko wapi, kisha vuta hapo hapo kwa klipu. Ukivuta kona ya mbali, plastiki inajikunja na klipu haijaachilia.

Hali ya hewa pia ina maneno. Asubuhi ya Limuru, baridi ikiwa kali, plastiki ya zamani inavunjika ka biskuti. Wacha jua lipige kebini kiasi ndio uanze.

Mlango una siri zake. Kuna skurubu imejificha nyuma ya kifuniko kidogo kwa kishikio, ingine pale unavutia mlango. Zitoe zote, bandua klipu za pembeni, kisha inua pano juu. Usiivute chapchap, bado imeshikwa na waya za swichi ya dirisha. Nyuma utapata karatasi ya nailoni imegundishwa. Mafundi mob huirarua na kuitupa. Zii! Hiyo ndio inazuia maji ya mvua kuingia ndani, na spika mpya itaoza bila hiyo. Irudishe, uibandike fiti.

Piga picha na simu kila hatua. Skurubu za kila pano zikae kwa kikopo chake.

Hesabu ya stima

Taa ya wati 120 kwa gari ya volti 12 inakula ampea 10. Gawanya tu wati kwa volti. Hapo chukua waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya 15, na hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si ndani ya kebini. Fyuzi inalinda waya yenye iko mbele yake. Ukiiweka mbali, kipande chote cha kutoka betri kiko uchi.

Usipitishe ampea 10 zote kwa swichi ya dashibodi. Weka rilei: mguu wa 30 upokee stima ya betri kupitia fyuzi, 87 uende kwa taa, 85 na 86 ziwashwe na swichi. Swichi inabeba stima kidogo tu, haipati moto.

Kuingiza waya kutoka kwa injini, tumia raba ya kiwanda kwa ukuta wa chuma. Ukitoboa shimo lako, weka raba yako. Chuma tupu kitakula waya kidogo kidogo barabara ya mashimo. Ndani, fuata njia ya waya za kiwanda, zifunge na tepu ya kitambaa zisipige kelele, na uzipeleke mbali na pedali, mkanda na penye skurubu zitarudi. Penye unafunga negativu kwa bodi, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae.

Wasee wa lori, hapa ni kwenu

Lori mob zinatumia volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa. Redio ikiwa ya 12, kuna mafundi huchukua stima kwa betri moja tu. Inafanya kazi, ndio, lakini betri moja inabaki na njaa na ingine inajazwa kupita kiasi, halafu zote zinakufa mapema. Nunua ridyusa ya kushusha 24 iwe 12, yenye inabeba ampea za redio yako.

Na ukipatana na waya za spidi gavana, ziache. Tangu kanuni za waziri wa uchukuzi Michuki zianze kutumika 2004, lori la biashara lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 bila mzigo lazima liwe nayo, na kuichezea ni ngori na sheria.

Kabla urudishe plastiki

Rudisha betri, washa taa, cheza redio, shusha madirisha. Wacha kila kitu kikiwaka kwa muda, kisha guza waya na mkono. Ikiwa moto, hesabu haikukaa. Rudi kwa hesabu.

Mwisho, andika kwa karatasi: fyuzi iko wapi, ni ya ampea ngapi, rilei iko nyuma ya nini. Ibandike ndani ya kifuniko cha boksi ya fyuzi. Siku dere mwingine atakwama Salgaa saa nane usiku taa zimezima, atajua pa kuanzia bila kurarua kebini. Fundi wa kweli anamfikiria huyo dere hata ka hatawahi patana naye.